Taa za ukungu za kirikuu changu na ile fyuzi ya kijani

Ukungu wa Isongole, mkoani Mbeya, anaujua anayepita pale saa kumi alfajiri. Mchana unaona mashamba ya viazi mpaka miguuni mwa Mlima Rungwe, unajiuliza madereva wanalalamikia nini. Usiku ni habari nyingine. Barabara pale iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wingu linakaa juu ya lami kabisa, na taa za gari zinageuka ukuta mweupe mbele ya kioo. Ukiwasha fulu ndiyo umejiziba macho mwenyewe.

Mimi nabeba viazi. Napakia Ntokela jioni, nalala kidogo humo humo garini, alfajiri nashuka kupitia Igawilo hadi Uyole ili mzigo ufike soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, kabla wenye magenge hawajaanza kununua. Gari ni kirikuu, Suzuki Carry, lumbesa chache tu linajaa. Miaka ya mwanzo nilikuwa naufuata mstari mweupe wa pembeni huku kichwa kiko nje ya dirisha, masikio yamekufa ganzi kwa baridi. Siku nilipopata hela kidogo nikanunua taa za ukungu, jozi moja, za halojeni, wati 55 kila moja.

Fundi aliyezifunga alikuwa kijana, mikono myepesi. "Bosi, hii kazi ya dakika ishirini," akaniambia, na kweli hazikuzidi. Alianzia kwenye chanya ya betri, akaupitisha waya chini ya chesisi, akautumbukiza kabini kwenye tundu alilolitoboa kwa drili, akaufikisha kwenye swichi, akautoa tena nje kwa tundu lilelile hadi kwenye taa. Hasi akaibana kwenye bodi. Taa zikawaka. Fyuzi hakuweka, wala mimi sikuuliza, kwa sababu kichwani mwangu fyuzi zilikuwa vitu vinavyokuja na gari kutoka Japani, si vitu vya kuongeza mtu mwenyewe.

Nieleze kidogo kuhusu kirikuu, maana ndiko tatizo lilikoanzia. Gari hili halina boneti ya maana. Injini umeikalia, na betri iko ubavuni chini ya bodi ya mizigo, nyuma ya kabini. Kwenye gari ndogo nyingi betri na taa vinatazamana humo humo ndani ya boneti, hatua moja tu. Kwangu waya unasafiri mita tatu na zaidi kwenye tope, mawe na maji ya madimbwi ndipo ufike mbele. Kila sentimita ya safari hiyo ni mahali pa kuchubuka.

Wiki ya tatu nikiwa nashuka na mzigo, taa zilianza kupepesa. Sikujali sana. Halafu ikaja harufu kama ya ndala iliyodondoka jikoni. Nikatazama miguuni, moshi unatoka chini ya dashibodi. Nikazima swichi ya taa: moshi unaendelea. Nikazima gari kabisa, nikachomoa ufunguo: moshi unaendelea. Hapo ndipo nilipotetemeka. Nilidhani ukichomoa ufunguo gari limekufa. Kumbe waya ule haukuwa unajua habari za ufunguo. Umetoka betri moja kwa moja, na pale ulipopita kwenye lile tundu la drili, ukingo wa bati ulikuwa umelila ganda lake taratibu, wiki tatu nzima, mpaka shaba ikagusa bodi. Shoti. Swichi iko mbele ya pale palipogusa, kwa hiyo kuizima ni sawa na kufunga bomba la jikoni wakati limepasuka uani.

Nikaruka chini na tochi ya simu, nikakimbilia kwenye betri. Spana namba 10 iko chini ya siti, na siti ndiyo imekaa juu ya injini, na juu ya siti kuna blanketi, chupa ya chai na mfuko wa nguo. Niliangalia waya. Ulikuwa mwekundu siku ulipofungwa. Sasa mweusi, ganda linadondoka matone kwenye tope, na linapodondoka linachecheta. Niliushika kwa mkono nikauvuta. Alama ninayo mpaka leo, mstari mmoja uliokatisha vidole vitatu. Ulichomoka kirahisi, kwa sababu yule kijana hakuubana kwa nati, aliuzungusha tu kwenye kichwa cha betri. Yaani kazi yake mbovu ya pili iliniokoa na kazi yake mbovu ya kwanza.

Waya ule ulipoungua haukuungua peke yake. Aliufunga pamoja na nyaya za gari zinazokwenda taa za nyuma, akazifunga zote kwa tepu kama mzigo wa kuni, kwa hiyo na zenyewe ziliyeyuka. Nilikaa palepale mpaka kulipokucha.

Fundi wa pili alicheka aliposikia hakukuwa na fyuzi. Akaweka fyuzi. Nikaona sasa nimepata mtu. Aliweka nyekundu, ya ampea 10, ikaungua siku ya pili. Akaweka nyingine, ikaungua tena. Mara ya tatu akatoa ya kijani, ya 30, akaichomeka, akanipiga bega: "Kaka, sasa umepona, hiyo haiungui." Alisema kweli, haikuungua. Niliendesha nayo miezi kadhaa nikiwa na furaha, isipokuwa jambo moja: taa zilikuwa na mwanga wa kinyonge, wa njano kama kibatari. Nikasema labda nimeuziwa feki.

Hilo la mwanga hafifu ndilo lililonipeleka kwa mzee mmoja karibu na Mafiati, mstaafu wa reli, ana banda dogo la umeme wa magari na kiti kimoja cha mteja. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba taa ni mbovu. Hakuzigusa taa. Akachukua multimita, akaniambia niwashe gari na niwashe taa. Kwenye betri ikasoma volti 13.9. Akaenda mbele, akaigusisha kwenye waya unaoingia kwenye taa: 11.8. Akanigeukia.

"Volti mbili zimebaki njiani, mwanangu. Ulizipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba zimegeuka joto ndani ya waya mwembamba na ndani ya swichi. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa 12 unapata ampea 9 na kitu. Ampea 9 kwenye waya mwembamba, zinatoka nyuma, zinapanda kabini, zinapita kwenye swichi, zinarudi mbele, lazima ziache kitu kila mahali zinapopita. Na taa za halojeni hazina huruma: volti ikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Kwangu ilipungua asilimia 15 hivi. Karibu nusu ya mwanga nilioununua nilikuwa naumwaga njiani kabla haujafika kwenye taa. Akaniambia niiguse swichi. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai.

Halafu akaiona ile fyuzi ya kijani. Akaichomoa, akaishika juu kwenye mwanga.

"Hii inalinda nini?"

"Taa, mzee."

"Taa ikiungua una hasara gani? Si utanunua balbu? Na waya ukiungua?"

Nilimwonyesha vidole vyangu. Akatikisa kichwa, akavuta betri kuukuu kutoka chini ya meza. Akamenya kipande cha waya, akachomoa nyuzi mbili tu za shaba, nyembamba kama nywele. Akaziunganisha na fyuzi nyekundu ya 10, ncha moja kwenye betri, akagusisha ncha ya pili. Tak! Fyuzi imekatika, zile nyuzi hazina habari. Akafanya tena vilevile, sasa na fyuzi yangu ya kijani. Nyuzi zikawa nyekundu, zikawa nyeupe, zikapotea. Kikabaki kimoshi na harufu. Akanipa fyuzi mkononi. Nzima kabisa, haina hata doa.

"Kati ya waya na fyuzi, mmoja lazima afe. Wewe ndiye unayechagua nani."

Nimewahi kukaa darasani miaka mingi na sikumbuki somo lililonikaa namna hiyo kwa dakika mbili. Na la pili akalisema huku anaendelea na kazi: fyuzi yenyewe ilikuwa imewekwa kabini, karibu na swichi, kwa sababu ni rahisi kuifikia. Maana yake mita tatu zote za chini ya chesisi, kule kwenye tope na mawe, hazikuwa na ulinzi wowote. Fyuzi inalinda kilicho mbele yake, kilicho kati yake na betri hailindi. Kwa hiyo mahali pake ni pale penye betri, shibiri moja au mbili, si zaidi.

Kuhusu ile nyekundu iliyokuwa inaungua, hapakuwa na uchawi. Taa za halojeni zikiwa za baridi zinavuta umeme mwingi sana kwa kufumba na kufumbua kabla uzi haujapata moto, na gari likiwa linaunguruma volti inapanda, kwa hiyo ampea 9 zangu zilikuwa zinaigusa 10 kila siku. Dawa ilikuwa kupanda ngazi moja, kwenda ya bluu, 15, lakini kwa sharti kwamba waya nao uwe mnene zaidi. Fundi wa pili aliruka ngazi zote akatua kwenye 30, na waya akauacha uleule.

Alinifungia upya siku hiyo hiyo, nami nikiwa nimechuchumaa pembeni nashika koleo. Waya wa milimita mraba 2.5, ule laini wa nyuzi nyingi. Niliwahi kupata wazo la kutumia masalio ya waya wa nyumba niliyokuwa nayo, akanikataza: ule una shaba moja ngumu, na mtikisiko wa barabara ya Kikondo ukiupata wiki mbili unakatika ndani kwa ndani, nje unauona mzima. Kila unapopita kwenye bati akavisha raba, na chini ya chesisi akauingiza ndani ya mpira wa bomba. Hasi hakuibana juu ya rangi kama wenzake. Aliikwangua mpaka bati likang'aa, akabana bolti, akapaka grisi juu yake. "Hasi ni nusu ya waya," akasema, "watu wanaidharau."

Halafu rilei. Mimi rilei nilikuwa nazisikia tu zikigonga kwenye gari za watu. Ni kiboksi chenye miguu minne au mitano, na kila mguu umeandikwa namba: 30, 87, 85, 86. Ndani yake kuna vitu viwili visivyogusana. Kimoja ni koili ya waya mwembamba sana, kati ya 85 na 86. Kingine ni swichi nene, kati ya 30 na 87. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku, inavuta ile swichi nene, tak, inafunga. Mzee alinipimia ukinzani wa koili: omu 80 hivi. Gawa 12 kwa 80, unapata ampea 0.15. Hiyo tu ndiyo inayopanda kabini siku hizi. Ampea 9 hazina tena safari ya kwenda kwenye dashibodi. Zinatoka betri, zinapita fyuzi, zinaingia 30, zinatoka 87, zinakwenda zao mbele kwenye taa. Swichi yangu ni ileile ya bei rahisi, na haijawahi kupata joto tena. Tulipopima kwenye taa ilisoma 13.3. Usiku ule nilipopanda Isongole niliona mfereji wa pembeni, nikaona na mtu aliyeukalia.

Umeme wa kuiamsha rilei hakuuchukua betri, aliuchukua kwenye waya wa taa ndogo, kupitia fyuzi ndogo iliyoko tayari kwenye gari. Nikizima taa ndogo, za ukungu nazo zinazimika hata nikisahau swichi. Mimi ni mtu wa kusahau. Kabla ya hapo nilishaamka mara mbili Ntokela betri imekwisha, mwezi wa saba, nyasi zina barafu, na kirikuu chenye lumbesa hakisukumwi na watu wawili.

Baada ya hapo nikajiona fundi. Shemeji ana Noah, akataka honi kubwa na taa, nikamwambia usipoteze hela. Nilinunua rilei ya miguu mitano, sikujali ule wa tano una kazi gani. Uko katikati, umeandikwa 87a. Nikaona umekaa vizuri, nikaunganisha taa pale. Taa zikawaka hata kabla sijagusa swichi. Nilipobonyeza swichi, zikazima.

"Shemeji," akasema, "yaani hii ya kwako kuwasha ndiyo kuzima?"

Mguu ule wa katikati umeshikana na 30 wakati rilei imelala, unaachia ikiamka. Una kazi zake, lakini si hiyo. Kijijini bado wananiita fundi Washa-Zima, na shemeji ndiye anayelieneza jina.

Kosa lingine halikuwa langu, ila nilikuwepo. Jamaa yangu ana lori la Kenta, betri mbili, volti 24. Alininunulia soda nimfungie rilei kama yangu, na rilei alishanunua mwenyewe, ya volti 12. Nilisita, akasema rilei ni rilei. Ilifanya kazi vizuri kama robo saa, halafu kiboksi kikaanza kulainika. Koili ya omu 80 ukiipa 24 badala ya 12, umeme unaongezeka mara mbili lakini joto linaongezeka mara nne. Imeandikwa ubavuni, 12V au 24V, herufi kubwa kabisa. Siku hizi nasoma ubavu kabla ya kusikiliza mteja. Na zipo nyingine ubavuni zimechorwa alama ya dayodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Hizo 85 na 86 usizibadilishane, moja ni ya chanya na moja ya hasi, ukizigeuza unaunguza fyuzi unabaki unashangaa.

Vijana wananiambia sasa kuna taa za LED, zinakula umeme kidogo, rilei ya nini. Kwa taa ndogo ya wati 20 sibishani nao, swichi nzuri inatosha. Fyuzi hapana, hiyo sijadili. Shoti haijali kwamba mbele kuna LED. Waya ukigusa bati, betri inatoa kila ilichonacho. Na zile bamba ndefu za LED wanazoweka juu ya kabini, kwa ukungu ni hasara tupu. Mwanga unatoka juu ya macho yako, unapiga ukungu, unakurudia. Taa ya ukungu inakaa chini, karibu na bampa, inamulika lami. Anayekuja mbele naye ana macho, lakini hilo naona wengi halijawafikia.

Juzi msimu wa mvua nimekuta kirikuu kimesimama karibu na Isyonje, hazadi zinawaka, dogo mmoja yuko nje anatetemeka. Taa za ukungu zimezima, za kawaida zipo lakini hazimsaidii. Kumbe na yeye amefungiwa fyuzi ya 15 pale kwenye betri, kazi safi, nilifurahi kuiona. Ilikuwa imeungua. Alikuwa ameshaweka ya akiba, nayo imeungua palepale.

"Kaka, huna hata ya 30 unisaidie nifike tu Uyole?"

Ninayo. Ile ya kijani aliyonirudishia mzee iko kwenye kitrei cha majivu cha gari langu, nzima mpaka leo. Nikamwambia sina. Nikachukua tochi na kipande cha mpira wa bomba, tukalala chini ya gari lake kwenye matope, yeye anamulika, mimi nafuata waya kwa vidole kuanzia kwenye betri, natafuta palipochubuka.